Shimo la Sita la Lori la Mzee Mokaya

Vijana wangu, mkiniona nimekaa nje ya gereji yenu na fimbo yangu, mnaniita Mzee Nozeli, na mnacheka. Nami nacheka. Jina hilo nimelipata kwa haki, maana nimefungua na kufunga nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, kuanzia Kisii mjini hadi Nyamira, na hakuna sabuni ambayo imewahi kuishinda harufu ya mikono yangu. Lakini juzi mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza mbele ya wenzake, "Mzee, wewe uliwahi kuharibu gari la mtu?" Nikamjibu kwamba sikumbuki. Nilisema uongo. Nakumbuka vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Nilirudi nyumbani nikakosa hamu ya chakula, mke wangu akadhani ni tumbo. Si tumbo. Ni aibu, na aibu hii ni ya zamani.

Nitawaeleza, lakini mnivumilie nikianzia kwenye kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa kazi hamtaelewa nilichofanya.

Siku hizi mnachomeka waya mahali fulani na kimashine kinawaambia silinda ya tatu inaumwa. Sisi tulitumia sikio. Injini ikiwa inanguruma polepole, unalegeza nati ya bomba la nozeli moja, dizeli inamwagika pembeni badala ya kuingia ndani, nawe unasikiliza. Injini ikiyumba, nozeli hiyo ni nzima, kazi yake imekosekana. Isipoyumba, umempata mgonjwa wako. Ni kama kwaya ya kanisa: ukimtoa mtu mmoja na wimbo usibadilike, ujue huyo alikuwa anafungua mdomo tu.

Haya nilifundishwa na Fundi Ombati, aliyekuwa na gereji ya mabati pale Kisii mjini. Alikuwa mtu mwembamba, mkali, mwenye kupenda mahindi ya kuchoma, na yeye mwenyewe alifundishwa na Singasinga mmoja huko Kisumu. Aliniita mwanangu tangu wiki ya kwanza, nami nilikuwa tayari kulala chini ya lori kwa ajili ya neno hilo. Siku moja nilimkuta anapasha washa za shaba kwenye jiko la makaa. Washa hizo ni vile vipete vidogo vinavyokaa chini ya nozeli ili moshi usivuje. Alizipasha hadi zikawa nyekundu, kisha akazitumbukiza kwenye maji. Nikacheka. Nikamwambia, "Fundi, hivyo ndivyo panga linavyofanywa liwe gumu. Wewe si unataka ziwe laini?" Akaniambia nichukue moja niikunje kwa vidole. Ikakunjika kama utambi. Shaba si chuma, vijana, na kila kitu kina tabia yake. Niliambiwa nizipashe washa zote zilizokuwa kwenye kopo, na lilikuwa kopo kubwa.

Mara nyingine nilitaka kujua kama nozeli inarusha dizeli sawasawa, nikaweka kidole mbele yake. Msijaribu. Ile dizeli inatoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Kidole kilivimba kikawa kama ndizi mbivu, na daktari wa hospitalini aliniuliza kama nimeumwa na nyoka. Fundi Ombati hakunipa hata pole. Alisema, "Sasa dizeli imekujua," akaendelea kutafuna mahindi yake.

Alikuwa na masharti matatu kwa kazi ya nozeli, na aliyarudia mpaka nikawa nayaota. La kwanza, osha juu ya injini kabla hujafungua chochote, uchafu usije ukaanguka ndani. La pili, ukitoa nozeli, ziba tundu lake papo hapo. Sisi tuliziba kwa magunzi ya mahindi. Gunzi zuri hukaa kwenye tundu la nozeli kana kwamba liliumbwa kwa kazi hiyo. La tatu, kabla hujarudisha nozeli hata moja, izungushe injini matundu yakiwa wazi. Kilichoingia ndani, kiwe mchanga, kiwe maji, kitaruka nje. "Hata kama una hakika hakuna kitu," alikuwa akisema. "Hasa kama una hakika."

Sasa nifike Nyacheki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sikuwa nimewahi kupewa kazi peke yangu. Mzee Mokaya wa Nyacheki, mwenye lori la kubeba ndizi na mahindi, alituma neno kwamba lori linatoa moshi mweusi na halivuti tena mlimani. Barabara ilikuwa matope, hakutaka kulileta mjini likamfia njiani. Fundi Ombati alinifungia nozeli sita zilizotengenezwa upya kwenye karatasi ya kaki, akanikabidhi spana zake mwenyewe, akasema, "Nenda mwanangu. Ukirudi salama nitakupa benchi lako." Nilipanda basi siku ya Ijumaa nikiwa nimebeba ule mzigo mapajani kama mtoto mchanga.

Mzee Mokaya alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na mimi pia ni Msabato. Alifurahi sana kusikia hivyo. Aliniita kijana wetu. Lori lilikuwa limeegeshwa juu ya mteremko wa boma, kichwa kikielekea langoni, kwa sababu betri ilikuwa imechoka na walizoea kuliwasha kwa kuliteremsha. Nyumba zetu nyingi ziko mlimani, mnajua. Mteremko ulikuwa ndio stata ya watu wengi. Kwenye boma hilo aliishi pia dereva, Onchari, mtu wa Nyakoe, Mkatoliki, mwenye umri wa kama miaka thelathini na mitano, mcheshi, anayelipenda lile lori kuliko mwenye lori. Aliniambia kwa Kiswahili cha gereji, "Fundi, hii gari ikipona nitakununulia soda. Imenitesa hii."

Tuliishusha boneti pamoja ili nipate mwanga, tukaiegemeza kwenye migomba, naye akaenda zake kuoga. Nozeli zilikuwa zimeganda kwa masizi. Nne zilitoka kwa hasira, ya tano kwa maombi, na ya sita ilipokubali kutoka jua lilikuwa limekaa juu ya kilima. Mzee Mokaya alitoka nyumbani akiwa amekwisha kunawa na kuvaa koti. Akaniita, "Kijana wetu, Sabato inaingia. Weka vyuma chini."

Niliviweka hapo hapo. Nilitaka aone jinsi ninavyotii. Nilikuwa na magunzi matano mazuri. La sita lilikuwa jembamba, likicheza kwenye tundu kama jino bovu. Nililizungushia jani kavu la mgomba, nikalisukuma ndani. Nilijua halijakaa. Nataka mlisikie hilo kwanza: nilijua. Kurudisha boneti kulihitaji watu wawili na dakika chache, na Onchari alikuwa karibu, ningemwita tu. Badala yake nilitandaza majani ya mgomba juu ya injini. Nikajiambia Mungu hawezi kuleta mvua juu ya kazi ya mtu aliyeiacha kwa ajili yake. Mnacheka? Ndivyo nilivyofikiri, kwa dhati kabisa.

Jumamosi tulikwenda kanisani boma zima, watoto kwa wakubwa. Aliyebaki nyumbani ni Onchari peke yake, maana siku yake ni Jumapili. Alasiri, mhubiri akiwa katikati ya neno, ilinyesha mvua ya Kisii, ile inayopiga mabati hadi mhubiri anabaki anachezesha midomo. Nilikaa pale nikifikiria tundu la sita. Kisha tukaambiwa tuimbe mpaka mvua ipungue, na mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumapili asubuhi nilimkuta Onchari amevaa shati jeupe, anajiandaa kwenda misa kwa miguu. Tulikuwa wawili tu pale kwenye lori.

"Fundi," akasema, "jana mvua ilipiga sana. Ile gunzi ya mwisho nilikuta imetoka, iko chini. Mimi nilirudisha, nikafunika na gunia na koti yangu. Lakini sijui maji iliingia kiasi gani. Uangalie hiyo shimo."

Mnaona? Mtu huyu, ambaye si fundi, alitoka kwenye mvua akavua koti lake akafunika injini niliyoiacha wazi. Na mimi nilimjibu hivi: "Onchari, wewe shika usukani. Injini niachie mimi."

Akacheka, akasema, "Sawa fundi," akaenda zake kanisani.

Alinikera, na nitawaambia kwa nini: alikuwa amesema kweli. Nilichukua tochi nikaangalia ndani ya tundu la sita. Niliona weusi. Maji ndani ya silinda yenye masizi nayo ni meusi, kwa hiyo sikuona kitu, nikaamua kwamba kutoona kitu ni kuona kwamba hakuna kitu. Sharti la tatu lilinitaka niizungushe injini kwanza. Betri haikuweza. Ingenibidi niliteremshe lori matundu yakiwa wazi, halafu nikaombe watu walisukume kurudi juu kwenye matope ili niliwashe kwa mteremko ule ule. Vijana wa boma walikuwa wamekwenda kuchuma majani chai. Ningewaita, wangekuja wakinung'unika, na Mzee Mokaya angeuliza kwa nini, nami ningesema kwa sababu niliacha tundu halijazibwa vizuri siku ya Ijumaa. Basi sikuwaita. Nilifunga nozeli zote sita, washa mpya chini ya kila moja, nikakaza nati kwa zamu, nikatoa hewa kwenye mabomba mpaka povu likaisha. Kila kitu nilikifanya kwa ufundi mkubwa. Mtu angenitazama angesema huyu amefundishwa.

Mzee Mokaya alisimama langoni. Nilipanda mimi mwenyewe, nikatia gia ya pili, nikaachia breki, lori likaanza kushuka. Niliachia klachi.

Palikuwa na mlio mmoja tu, mzito, kama shoka kwenye jiwe. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, lori zima likateleza kwenye matope mpaka likaingia kwenye nyasi za ng'ombe. Hewa inabanika, vijana, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji juu yake na lori zima linaisukuma kutoka mlimani, lazima kitu kikunjike. Kilichokunjika ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni kutoka chini. Nilijua kabla sijashuka. Nilifungua nozeli ya sita, maji yakachirizika juu ya viatu vyangu.

"Ni nini?" Mzee Mokaya akauliza.

"Ni maji, Mzee. Maji yameingia kwenye injini."

"Yametoka wapi?"

Swali hilo lilikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, yametoka kwangu. Angenifokea, angemwambia Ombati, ningelikosa benchi, ningerudi kupasha washa kwenye kopo mwaka mwingine. Ni hayo tu. Sijaona mtu aliyekufa kwa hayo. Lakini nilisema, "Mimi Ijumaa niliacha matundu yote yamezibwa."

Mzee akafikiri. Akasema polepole, "Jana sisi sote tulikuwa kanisani." Kisha akaongeza, "Isipokuwa mmoja."

Sikulitaja jina lolote. Kwa miaka mingi nilijifariji na hilo.

Onchari alirudi kutoka misa akiwa na sukari ya watoto wa boma imefungwa kwenye gazeti. Aliliona lori kwenye nyasi, akakimbia. Mzee Mokaya alimuuliza mbele ya watu wa boma kama siku ya Sabato aligusa injini. Onchari hakuona mtego wowote, akasema ndiyo, aligusa, alirudisha gunzi lililokuwa limeanguka akafunika. Mzee akasema, "Kwa hiyo uligusa." Onchari akanigeukia mimi, bado hana wasiwasi, akitabasamu kidogo kama mtu anayemwita shahidi wake.

"Fundi, waambie asubuhi nilikuambia nini."

Nikasema, "Uliniambia habari za mvua. Habari za tundu sikusikia."

Na kama hayo hayatoshi nikaongeza, "Mtu asiye fundi akianza kushikashika injini," nikaiacha sentensi hapo hapo ili wengine waimalize.

Onchari hakupiga kelele. Nilitamani apige kelele. Tabasamu lilimtoka taratibu, akanitazama kwa mshangao kama mtu aliyekosea nyumba. Alisema mara moja tu, "Mzee, nilimwambia." Mzee Mokaya akamwambia afungashe. Lile koti lake lilikuwa bado limelowa. Alilining'iniza begani, likawa linamdondoshea maji kwenye shati jeupe la misa, akashuka na njia.

Jumanne alikuja Fundi Ombati. Tuliifungua injini pamoja. Alitoa konrodi ya sita, imepinda kama mundu. Akaingiza kidole ndani ya silinda, akazungusha, kikatoka na kutu nyekundu. Akaitazama. "Maji haya yalilala humu," akasema. Kisha bila kunitazama akauliza, "Uliizungusha kabla ya kufunga?"

"Ndiyo," nikasema.

Mjue kwamba jibu hilo halikuwezekana. Injini iliyozungushwa matundu wazi haibaki na maji. Yangeruka mpaka kwenye migomba. Mimi nililijua hilo na yeye ndiye aliyenifundisha. Alifuta kidole kwenye kitambaa, akasema, "Haya. Fundi, nipe spana ya kumi na saba."

Fundi. Hakuniita mwanangu tena, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Benchi alinipa, maana alikuwa ameahidi. Na hakumwambia Mzee Mokaya alichokiona. Nafikiri alilinda jina la gereji yake, na sijui kama na yeye alilipa hilo usingizini. Hilo ni lake. Langu linanitosha.

Msidhani nilibaki nalia. Niliendelea vizuri sana. Niliyashika yale masharti matatu mpaka wenzangu wakanicheka, nilikuwa naizungusha injini mara mbili, mara tatu. Miaka michache baadaye nilifungua gereji yangu Masimba, watu wakaleta malori kutoka Nyamira na Keroka kwa sababu walisikia kuna fundi mwangalifu. Kila waliposema mwangalifu, nilijisikia kama mtu aliyevaa nguo ya kuiba. Na habari za Onchari zilinifikia bila kuuliza. Wenye malori wanajuana. Hakuna aliyempa usukani tena, maana alikuwa yule dereva aliyeua lori la bosi wake Mzee akiwa kanisani. Wengine waliongeza kwamba alifanya hivyo kwa chuki ya dini. Hilo sikulitunga mimi, lakini nililimwagilia maji likaota. Nilipita Nyakoe mara nyingi nikienda Kisumu kutafuta vipuri. Kila mara niliangalia upande mwingine wa barabara, upande usio na chochote cha kutazamwa.

Halafu siku moja gari nililokuwemo lilipata pancha pale pale Nyakoe, ikawa siku ya soko. Nilishuka na nozeli mbili mkononi, nikaona heri ninunue ndizi za nyumbani. Mama aliyekuwa akiuza alizitazama nozeli.

"Wewe ni fundi wa malori?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori," akasema huku akinichagulia mkungu. Alisema bila uchungu, kama mtu anayezungumzia kiangazi cha zamani. "Aliharibu injini ya mzee mmoja huko Nyacheki. Alishikashika. Na mpaka leo anasema alimwambia fundi. Mimi nimechoka. Nilimwambia, Baba Moraa, kubali tu, nenda uombe msamaha, mzee wa watu ana moyo, atakurudisha kazini. Hataki. Anasema hawezi kuombea msamaha kitu ambacho hakufanya. Miaka sita tumekula ukaidi wake."

Nilikuwa nimekwisha kuupokea mkungu. Gari lilikuwa limekwisha kufungwa gurudumu, kondakta alikuwa anaita. Vijana, niliinua mguu kuondoka. Sitaki mfikirie kwamba moyo wangu uliniambia simama. Kilichonisimamisha ni lile neno alishikashika. Lilikuwa langu. Lilitoka kinywani mwangu Nyacheki, likatembea kwa miguu yake mpaka Nyakoe, likaingia nyumbani kwa mtu na kulala kati yake na mkewe.

"Mama," nikasema, "mume wako alisema kweli."

"Umejuaje wewe?"

"Kwa sababu aliniambia mimi."

Hakunitukana. Alimwomba jirani yake amwangalizie ndizi, akajifunga leso upya kiunoni, akasema, "Usiniambie mimi. Twende." Akatangulia, nikamfuata, nimebeba mkungu wake begani kwa sababu sikujua pa kuuweka.

Onchari alikuwa nyuma ya nyumba anakata nyasi za ng'ombe. Alikuwa amezeeka kuliko miaka sita. Mama yake, bibi mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alikuwa ameketi juani anachambua wimbi, na watoto watatu walikuwa wakicheza karibu naye. Onchari alinitambua mara moja, lakini hakuliweka panga chini.

"Sema," mkewe akaniambia.

Nikaanza kusema kwa Kiswahili. Nilisema palikuwa na makosa ya kiufundi, kwamba injini haikuzungushwa inavyotakiwa, kwamba taarifa ilitolewa lakini haikuzingatiwa. Hata mimi nilijisikia nilivyokuwa nikijificha. Kiswahili chenyewe hakina kosa. Ni lugha yangu ya kazi, naipenda, lakini siku hiyo niliivaa kama ovaroli ili mwili usionekane.

Onchari alinikatiza. "Sema kwa Ekegusii," akasema. "Mama asikie. Na hawa watoto."

Nikasema kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Huko sikuwa na maneno makubwa. Nilisema: niliacha tundu wazi. Mvua ikaingia. Onchari akalifunika kwa koti lake. Asubuhi akaniambia, nikamdharau. Lori likavunjika. Nikasema hakuniambia. Yalitosha pumzi moja, na nilikuwa nimeyabeba miaka sita.

Onchari hakunitazama hata kidogo. Alimtazama mkewe.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nimesikia," mama yule akasema, na akakaa chini pale pale kwenye nyasi zilizokatwa, akajifunika uso kwa leso. Onchari akasimama karibu naye, asimguse wala asiondoke. Nikaelewa kwamba aliyeumizwa hapo na mimi si mmoja.

Nilikuwa nageuka niende zangu bibi mzee aliponiita. Alikuwa ameuacha wimbi wake, ameelekeza uso upande wa sauti yangu. Kwa upole kabisa, kama anavyosema bibi na mjukuu wa mtu mwingine, akaniuliza, "Mwanangu, miaka yote hii hukuja. Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa umefungwa?"

"Hapana, mama."

"Basi ulikuwa mbali."

"Sikuwa mbali, mama," nikasema. "Nilikuwa hapo tu, Masimba."

Alikuwa bado ananitafutia sababu nyingine ya kunisaidia. Nilisimama nikamngoja. Hakuipata.